Someni Kitabu, Msinunue Majibu
Hotuba kwa wanaojiandaa kwa mtihani wa maandishi wa leseni ya lori, iliyotolewa Louisville, Kentucky

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kaka na dada zangu, habari za jioni.

Humu ukumbini naona watu wa Uvira na Bukavu, wa Bujumbura, wa Kigoma, wa Mombasa, na vijana waliokulia kambini Nyarugusu ambao lori la kwanza kulijua lilikuwa lile la mahindi ya mgao. Wengine mliendesha malori kabla ya kufika Marekani. Wengine mlikuwa mataniboi. Wengine hamjawahi hata kukalia kiti cha mbele cha lori. Nimeombwa niwaeleze namna ya kujiandaa kwa mtihani wa maandishi wa CDL, yaani leseni ya kuendesha magari makubwa ya biashara, na nitawaeleza. Ila nitaanza na ajali, maana asiyeijua ajali hii ataona mtihani ni usumbufu tu uliowekwa na serikali ili kutunyima kazi.

Novemba 1994, katika mji wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, mchungaji mmoja na mkewe walikuwa wakisafiri kwenye barabara kuu ya I-94 pamoja na watoto wao sita. Mbele yao kulikuwa na lori. Nyuma ya lori hilo, chuma kinachoshikilia taa na kizuizi cha matope kilikuwa kimelegea na kinaning'inia. Madereva wengine wa malori walikiona, wakamwita mwenzao kwa redio kumwonya. Hakuwaelewa, kwa sababu walimwita kwa Kiingereza. Chuma kikaanguka, gari la familia likapita juu yake, tangi la mafuta likatoboka na moto ukawaka. Wazazi walitoka wakiwa na majeraha ya moto. Watoto wote sita walikufa.

Uchunguzi ulipofuata nyayo za leseni ya yule dereva, ulifika kwenye ofisi za leseni za jimbo la Illinois, ambako wafanyakazi walikuwa wakiuza leseni za malori kwa hongo. Sehemu ya hongo hizo iliingia kwenye mfuko wa kampeni wa mkubwa wao, George Ryan, ambaye wakati huo alikuwa Katibu wa Jimbo na baadaye akawa gavana. Walishtakiwa watu zaidi ya 70. Ryan mwenyewe alitiwa hatiani mwaka 2006, akahukumiwa kifungo cha miaka 6 na nusu.

Itazameni ajali hiyo vizuri. Dereva angekagua nyuma ya lori lake kabla ya kuondoka, chuma kile angekiona. Angeelewa walichokuwa wakimwambia kwenye redio, angesimama pembeni. Angelazimika kufaulu mtihani kwa haki, huenda asingekuwa barabarani siku ile. Ukaguzi wa lori, lugha na mtihani wa haki, vyote vitatu vimekusanywa ndani ya kitabu kimoja, mwongozo wa CDL, ambacho serikali inakitoa bure. Neno langu la leo ni hilo tu: kisomeni kitabu hicho mpaka mlielewe lori, kisomeni kwa Kiingereza, na msinunue jibu hata moja.

Nalisema hili waziwazi kwa sababu najua mnayotumiwa kwenye simu zenu. Kuna makundi ya WhatsApp yanayouza karatasi za maswali na majibu, ya kukariri kwa mpangilio wa A, C, B, D. Kuna watu wanaoahidi kukupeleka kwenye jimbo fulani ambako, wanasema, mambo ni mepesi. Wanakuomba fedha ambazo umezipata kwa kupanga mizigo ghalani usiku kucha. Wazee wetu walisema cha kuazima hakisitiri maungo. Majibu ya kuazima yatakufikisha mpaka kwenye kiti cha dereva, na hapo yatakuacha uchi, wewe na tani zako juu ya mlima. Halafu kuna sheria. Mtu akitiwa hatiani kwa udanganyifu katika kupata kibali cha kujifunzia au leseni hii, anaondolewa sifa ya kuwa nayo kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na kwa mhamiaji hukumu ya udanganyifu inaweza kumletea mashaka mengine makubwa kuliko leseni.

Na majibu hayo mengi hata si sahihi. Mfano mdogo: matoleo ya zamani ya kitabu yalisema kwamba onyo la kupungua kwa upepo wa breki lazima liwake kabla presha haijashuka chini ya pauni 60 kwa inchi ya mraba. Kitabu cha sasa kinasema 55. Anayekariri karatasi ya zamani anakosa swali hilo na hajui kwa nini.

Sasa tuje kwenye mtihani wenyewe. CDL ilianzishwa na sheria ya mwaka 1986. Kabla ya hapo, katika majimbo mengi mtu mwenye leseni ya gari dogo aliruhusiwa kupanda lori kubwa na kuondoka nalo, na madereva wabaya walikuwa na leseni za majimbo mawili matatu, wakinyang'anywa moja wanatoa nyingine. Kuanzia Aprili 1992 kila dereva wa magari haya ikabidi awe na CDL, na awe na moja tu.

Wengi wenu mnataka daraja A, yaani lori linalovuta trela, ambapo uzito uliopangiwa lori na trela kwa pamoja ni pauni 26,001 au zaidi, na trela peke yake imepangiwa zaidi ya pauni 10,000. Kwa daraja hilo utakaa mitihani mitatu ya maandishi: maarifa ya jumla, breki za upepo, na magari yenye trela. Katika majimbo mengi wa kwanza una maswali 50, wa breki 25, wa trela 20. Sheria ya serikali kuu inataka upate asilimia 80 katika kila mmoja, yaani 40, kisha 20, kisha 16. Ukifaulu unapewa kibali cha kujifunzia, na kibali kikishatimiza siku 14 ndipo unaruhusiwa kwenda kwenye mtihani wa vitendo. Muda wote wa kibali, huendeshi bila mwenye CDL kukaa kando yako. Mwenye umri wa miaka 18 anaweza kuendesha ndani ya jimbo. Kuvuka mpaka wa jimbo na mzigo wa biashara ni mpaka utimize 21.

Kitabu kina sura nyingi, na ukubwa wake unawatisha watu wanaofanya kazi zamu mbili. Hamhitaji zote. Kwa daraja A someni sura ya 1, ya 2, ya 3, ya 5 na ya 6. Sura ya 11 mpaka ya 13 ni za mtihani wa vitendo, zisubiri. Abiria, matangi, mizigo ya hatari, basi la shule, hizo ni nyongeza za baadaye kwa anayezitaka. Mtu anayesoma kurasa chache kila siku kabla ya kulala atazimaliza sura hizo tano, nami nawaomba mzisome kwa utaratibu huo badala ya kuzivamia wiki ya mwisho.

Nitakaa kidogo kwenye sura ya 5, breki za upepo, kwa sababu ndiyo inayowaangusha watu wetu wengi, na inawaangusha kwa kuwa wanaikariri. Kuna anayefikiri ataruka mtihani huo. Ukiuruka, leseni yako inaandikwa kizuizi kwamba huruhusiwi kuendesha gari lenye breki za upepo, na karibu kila lori kubwa la kuvuta trela linatumia breki hizo. Umejifungia mlango mwenyewe.

Ifikirieni hivi. Injini inazungusha kompresa. Kompresa inasukuma upepo kwenye matangi. Presha ikifika karibu pauni 125, kuna kifaa kinachoiambia kompresa iache kusukuma. Presha ikishuka mpaka karibu pauni 100, kifaa hicho hicho kinairuhusu ianze tena. Unapokanyaga pedali, unaufungulia upepo huo uende kwenye magurudumu na kubana breki. Mpaka hapo kila mtu ananielewa.

Swali ni je, upepo ukiisha itakuwaje? Wengi hujibu kwamba breki hazitashika, lori litakwenda. Wangekuwa sahihi kama lori lingekuwa na breki za kukanyaga peke yake. Lakini ndani ya breki za maegesho na za dharura kuna springi zenye nguvu sana, na kinachozizuia zisibane ni huo huo upepo. Upepo ukiwepo, springi zimerudishwa nyuma na magurudumu yako huru. Upepo ukitoka, springi zinaachiwa na zinabana. Ndiyo maana lori lililozimwa usiku kucha na kuvuja upepo wote halitoki lilipoegeshwa. Sasa angalieni presha inavyoshuka, kwa mpangilio: 125 kompresa imepumzika, karibu 100 inaanza tena. Ikishindwa kujaza na presha ikaendelea kushuka, kabla haijapita 55 lazima taa au mlio wa onyo ukuambie. Usipotii ukaendelea, ikifika kati ya 45 na 20 springi zinajifunga zenyewe, na hazikuulizi kama uko kwenye kona au kwenye barafu. Ukiielewa safari hiyo ya presha kutoka juu kwenda chini, namba zote nne zinakaa mahali pake, na hata swali likigeuzwa maneno mara tano hutapotea.

Kisha lizidishieni jambo moja ambalo kitabu kinalisisitiza: nguvu ya springi hizo inategemea breki ziwe zimerekebishwa vizuri. Breki zisiporekebishwa, wala ile ya kawaida wala ile ya dharura haitakusaidia ipasavyo. Kwa hiyo maswali ya kupima uvujaji nayo yana maana. Injini imezimwa, matangi yamejaa, breki zimeachiwa: kwa dakika moja gari moja lisipoteze zaidi ya pauni 2, na lori lenye trela lisipoteze zaidi ya 3. Ukikanyaga pedali na kuishikilia, ni 3 kwa gari moja na 4 kwa lenye trela. Lenye trela linaruhusiwa zaidi kidogo kwa sababu lina mabomba na viungo vingi zaidi. Ukishajua sababu, unajua ipi ni kubwa hata ukiisahau namba kwa sekunde.

Na nyinyi mliotoka kwenye joto la Ziwa Tanganyika, zingatieni swali la maji kwenye matangi. Upepo unaobanwa unaacha maji na mafuta kidogo chini ya tangi. Kwetu tungeyapuuza siku nyingi. Hapa Kentucky, Januari, maji hayo yanaganda na breki zinakataa. Matangi yasiyojimwaga yenyewe humwagwa kila siku mwisho wa kazi.

Sasa nazungumza na wazee walioendesha nyumbani. Wapo hapa waliopandisha na kuteremsha shehena za shaba katika mlima Kitonga kule Iringa, na wengine wanaoijua Salgaa, kati ya Eldoret na Nakuru, ambako watu wengi sana wamepotea kwa malori yaliyoshindwa kusimama. Uzoefu wenu ni mali, na mimi nauheshimu. Lakini mnajua kama ninavyojua kwamba huko tulijifunza mengine ambayo kitabu hiki kinayakataza. Kuweka nyutro mteremkoni ili kuokoa mafuta ni moja. Kukanyaga breki kidogo kidogo muda wote kuanzia juu mpaka chini ni jingine. Breki zikikanyagwa hivyo zinapata moto, zikipata moto zinaacha kushika, na ukizidisha kukanyaga zinazidi kupata moto.

Kitabu kinafundisha hivi: weka gia ndogo kabla mteremko haujaanza, si katikati yake, maana katikati unaweza kushindwa kuirudisha gia kabisa. Injini ndiyo ibebe kazi ya kulizuia lori. Chagua mwendo wako salama, tuseme maili 40 kwa saa. Ukifika 40, kanyaga breki kwa nguvu unayoihisi mpaka mwendo ushuke hadi 35, kisha achia kabisa. Kukanyaga huko kunachukua kama sekunde 3. Mwendo ukirudi 40, fanya tena. Hivyo mpaka chini. Breki zinapata nafasi ya kupumua kati ya kukanyaga na kukanyaga.

Swali hilo mtaliona kwenye karatasi, na mtakutana nalo tena njiani. Mtu wa Louisville anayepeleka mzigo Atlanta anachukua I-65 mpaka Nashville, kisha I-24 kuelekea Chattanooga, na hapo katikati kuna mlima Monteagle. Madereva wa Marekani yote wanautaja kwa jina, na kando ya mteremko wake zimejengwa njia za kukimbilia lori lililopoteza breki. Ukikutana na njia kama hiyo na breki zako zimekufa, itumie. Usifikirie mzigo, usifikirie bosi, usifikirie lori litaharibika. Kuna swali la mtihani juu ya hilo pia.

Kwenye mtihani wa maarifa ya jumla, kuna swali ambalo wazoefu hulijibu kwa haraka na kulikosa: lori tupu na lori lenye mzigo, lipi linahitaji nafasi kubwa zaidi ya kusimama? Mkono unakimbilia lenye mzigo. Kitabu kinasema lori tupu, kwa sababu breki, matairi na springi za lori zimeundwa kubeba uzito. Likiwa tupu halikai vizuri barabarani, linarukaruka na magurudumu yanaweza kujifunga. Na kusimama kwenyewe kunachukua umbali kuliko mtu anavyodhani. Kwa mwendo wa maili 55 kwa saa kwenye lami kavu, kitabu kinahesabu muda wa kuona hatari, muda wa mguu kufika kwenye pedali, na umbali wa breki zenyewe, vyote pamoja futi 419. Halafu kwa breki za upepo ongeza futi 32, kwa sababu upepo unahitaji muda kusafiri kwenye mabomba kabla breki haijabana. Jumla ni zaidi ya futi 450, kama mita 137. Mara nyingine unapoendesha gari lako dogo, tazama mtu aliye mita 137 mbele yako, uone ni mbali kiasi gani.

Kutokana na hapo mtaelewa kwa nini wanawauliza juu ya sekunde za kuacha kati yako na gari la mbele: sekunde moja kwa kila futi 10 za urefu wa gari lako, na ukizidi maili 40 kwa saa ongeza sekunde moja. Lori la futi 60 kwenye barabara kuu ni sekunde 7. Mambo ya mzigo someni wenyewe, si magumu. Shikeni tu kwamba mzigo unakaguliwa ndani ya maili 50 za mwanzo, kisha kila maili 150 au kila saa 3, lolote litakalotangulia.

Kuna maswali ya simu ambayo vijana wanayaona ya kitoto. Nawaomba msiyaone hivyo. Asubuhi ya tarehe 26 Machi 2010, kwenye hiyo hiyo I-65, kusini mwa hapa karibu na Munfordville, lori lilivuka ukanda wa katikati likagonga gari dogo la abiria lililotoka upande wa pili. Walikufa watu 11, akiwemo dereva wa lori. Wachunguzi wa serikali kuu walikuta dereva alikuwa akitumia simu yake. Mwaka uliofuata wakapendekeza madereva wa magari ya biashara wapigwe marufuku kutumia simu, na Januari 2012 marufuku ya kushika simu mkononi ilianza kutumika kwa madereva wanaovuka majimbo. Unaposoma swali hilo kwenye skrini ya mtihani, jua kwamba kuna familia huko barabarani ambazo swali hilo limechelewa kuwasaidia.

Sasa lugha. Najua hili ndilo linalowaumiza. Mtu amejua lori maisha yake yote, na anakaa mbele ya skrini anaona maneno asiyoyajua. Kanuni ya serikali kuu inasema dereva wa lori la kuvuka majimbo lazima asome na aseme Kiingereza cha kutosha kuzungumza na watu, kuelewa alama za barabarani, kujibu maswali ya maofisa na kujaza karatasi zake. Kanuni hiyo ni ya zamani, lakini tangu tarehe 25 Juni 2025 inasimamiwa kwa ukali mpya: dereva akisimamishwa akashindwa kujibu ofisa kwa Kiingereza, anaweza kuwekwa nje ya kazi pale pale, na hawakubali mkalimani wala programu ya kutafsiri kwenye simu. Wakati wa mtihani pia mkalimani haruhusiwi. Kwa hiyo hata ukisikia kuna jimbo linalotoa mtihani wa maandishi kwa lugha nyingine, mimi nakushauri ujiandae kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Barabarani hakuna kibao kitakachokuandikia kwa Kiswahili. Kibao cha LOW CLEARANCE kinakuambia nafasi ya kupita chini ya daraja ni ya chini, huenda trela yako isipite, na ukikikosa hutapata nafasi ya kuuliza.

Namna ya kujifunza Kiingereza hicho ni kwa mikono. Maneno ya lori ni machache kuliko mnavyofikiri, na kila neno lina chuma chake. Shika chuma, taja jina lake, fungua kitabu ulione limeandikwaje. Bomba jekundu linalokwenda kwenye trela ni la dharura, la bluu ni la breki za kawaida. Ukiyaunganisha yote mawili kwa mikono yako, hutayasahau kwenye mtihani. Halafu kuna maneno madogo ndani ya maswali yanayogeuza jibu zima: NOT (si), EXCEPT (isipokuwa), ONLY (tu), FIRST (kwanza). Ukiyaona, simama, soma swali tena kutoka mwanzo. Nimewaona watu wanaoijua kazi vizuri wakianguka kwa sababu ya NOT moja.

Msisome peke yenu. Wawili watatu, mezani, mkishamaliza chakula. Mmoja asome aya kwa Kiingereza kwa sauti, mwingine aieleze kwa Kiswahili, Kirundi, Kibembe, lugha yoyote inayomfikia moyoni. Kisha yule yule aieleze tena kwa Kiingereza, hata kibovu. Watoto wenu wanaosoma shule hapa, wakalisheni nao. Mtoto wa darasa la sita akimsomea baba yake sura ya breki, baba anapata matamshi na mtoto anajua kazi ya baba yake ni nzito kiasi gani. Maswali ya mazoezi yafanyeni baada ya kumaliza sura, msiyafanye kabla. Ukiyafanya kabla, utaanza kukariri maswali na kitabu hutakifungua tena. Na ukikosa swali la mazoezi, usiandike jibu sahihi peke yake, rudi kwenye ukurasa uandike kwa nini.

Kina mama, nimesikia wawili wenu mkinong'ona kwamba mmekuja kusikiliza kwa ajili ya waume zenu. Mtihani hauulizi kama wewe ni mwanamume au mwanamke. Kama una nia, jiandikishe kwa jina lako.

Kabla hujalipa shule yoyote, fanya mambo mawili. Kwanza, tangu tarehe 7 Februari 2022, anayetaka daraja A au B kwa mara ya kwanza lazima apate mafunzo kwenye shule iliyo katika orodha rasmi ya serikali kuu, ndipo aruhusiwe mtihani wa vitendo. Orodha hiyo iko wazi kwenye intaneti na kila mtu anaweza kuitafuta. Shule isiyokuwemo, hata iwe rahisi kiasi gani, fedha yako imepotea. Pili, kama wewe si raia na huna kadi ya ukaazi wa kudumu, kanuni za leseni kwa watu wa hali yako zimekuwa zikibadilika tangu Septemba 2025, na mahakama nazo zimeingia humo. Nenda na karatasi zako zote kwenye ofisi ya leseni, uulize hali yako wewe, uandikiwe jibu, kabla hujatoa dola moja. Usimsikilize shemeji aliyefanikiwa mwaka juzi. Wenye presha ya damu au sukari, muoneni daktari mapema, kwa sababu kuna cheti cha afya na kinaangaliwa kweli.

Jumamosi lori litakuwepo kwenye maegesho nyuma ya ukumbi kuanzia saa tatu asubuhi. Njooni na viatu vya kazi, glavu, na sura ya 5 mkiwa mmeisoma angalau mara moja. Tutajaza upepo, tutazima injini, tutautoa taratibu, na kila mmoja wenu atatazama mshale wa presha ukishuka na kuniambia kwa Kiingereza nini kinatokea na kwa nini. Ambaye anafanya zamu ya usiku Ijumaa, aje saa tano, apate kulala kwanza. Sasa karibuni maswali, na tuanze na mzee wa pale mbele aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja Kitonga.